Mfasiri Mbele ya Mfalme

Mwezi Desemba 1861, huko Bweranyange, Mwingereza John Hanning Speke alifungua Biblia mbele ya Rumanyika, Omukama, yaani mfalme, wa Karagwe. Speke alikuwa safarini kutafuta chanzo cha Mto Nile, na mwenyeji wake alikuwa mtu wa maswali mengi kuhusu dunia na asili ya watu. Basi mgeni akaanza na Adamu, akapitia gharika ya Nuhu na wanawe watatu, kisha akasoma sura ya 14 ya kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati. Hizo ni habari za Zera Mkushi, aliyekwenda na jeshi la watu milioni moja kupigana na Asa, mfalme wa Yuda. Speke ameyaandika haya mwenyewe katika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1863, na nia yake ameitaja: kumwonyesha Rumanyika ukuu wa ukoo wake. Aliamini kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa wageni kutoka Uhabeshi.

Mtu akiisoma sura hiyo yote atakuta kwamba Zera alishindwa vibaya, jeshi lake likafukuzwa na mifugo yake ikachukuliwa. Hata hivyo tatizo la somo lile ni kubwa kuliko hilo. Speke alikuja na jibu mfukoni, akatafuta andiko la kulibeba. Nadharia yake, kwamba katika nchi za maziwa makuu kuna watu waliokuja kutawala na wengine waliozaliwa kutawaliwa, ilikwenda mbali kuliko yeye. Iliingia katika tawala za kikoloni na katika vitabu vya shule. Mwaka 1994, wakati maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe, watu wa huku waliona kwa macho yao sehemu ya mavuno ya mbegu ile.

Ninalianza jambo hili huko kwa sababu nataka kuusifu ufundi mmoja, na ufundi huonekana vizuri ukiwekwa karibu na kazi iliyofanywa vibaya. Ni ufundi wa kufasiri ndoto na ishara mbele ya mfalme, kama unavyoonyeshwa katika maandiko ya Kiebrania. Kitabu kilekile alichokishika Speke kilikuwa na kurasa ambazo Rumanyika angezielewa upesi kuliko mgeni wake.

Karagwe ilikuwa na elimu yake ya ishara za ufalme. Rumanyika alimsimulia Speke jinsi alivyoupata utawala baada ya kifo cha baba yake, Ndagara. Wana wa mfalme walikuwa watatu. Wakuu wa nchi waliweka chini mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa hata asiyestahili asiweze kuiinua. Ndugu zake walijitahidi wakashindwa. Yeye aliiinua kwa kidole kimoja. Kulikuwa na jaribio jingine pia: mteule huketi mahali maalumu, na ardhi aliyokalia hunyanyuka naye kuelekea mbinguni, mizimu ikimkubali hushushwa taratibu, ikimkataa hubwagwa. Kulikuwa na nyundo za chuma na sanamu za ng'ombe za chuma zilizohifadhiwa na ufalme, kwa maana huku uhunzi na utawala vilikuwa ndugu. Na nyuma ya hayo yote walikuwapo abafumu, waaguzi ambao kazi yao ilikuwa kueleza ishara inasema nini.

Simulizi za Bachwezi, watawala wa hadithi za kale, zinazojulikana kuanzia Bunyoro hadi huku, zina mfano wa uaguzi uliopokelewa vibaya. Mfalme Bukuku aliambiwa na waaguzi kwamba mtoto wa binti yake, Nyinamwiru, angekuja kumwondoa. Akamfungia binti ndani ya boma. Mtu aitwaye Isimbwa akapata njia ya kuingia, na Ndahura akazaliwa. Mtoto akatupwa mtoni, mfinyanzi akamwokoa na kumlea, na alipokua akamuua Bukuku na kukalia kiti chake. Waaguzi walisema kweli, lakini Bukuku aliisikia kweli hiyo kama hukumu ya kukwepa kwa nguvu, na kila alichofanya kuizuia kikawa ngazi ya kuitimiza.

Katika kitabu cha Mwanzo, ndugu za Yusufu wanafanya vivyo hivyo. Kijana wa miaka 17 anaota miganda ya ndugu zake ikiinamia mganda wake, kisha jua, mwezi na nyota kumi na moja vikimwinamia. Katika sura hiyo hakuna mfasiri. Hahitajiki, maana kila mtu anaielewa papo hapo, na hapo ndipo hatari ilipo. Ndugu wanaielewa kwa wivu, wanamtupa shimoni, wanamuuza, na kwa kumuuza wanamtuma Misri, mahali pekee ambapo ndoto ile ingeweza kutimia. Baba yake, Yakobo, anamkemea, lakini analiweka neno lile moyoni. Kati ya wote waliosikia siku ile, yeye peke yake ndiye aliyeacha muda ufanye kazi yake.

Gerezani ndipo tunapomwona Yusufu kwa mara ya kwanza akifanya kazi ya ufasiri, na hapa inafaa kutazama kwa karibu. Mnyweshaji na mwokaji wa Farao wameota usiku mmoja, na ndoto zao zinafanana kwa umbo: kila moja ina vitu vitatu, kila moja inahusu chakula au kinywaji cha mfalme. Mtu wa haraka angezipa maana moja. Lakini angalia mikono ya waotaji. Mnyweshaji, ndani ya ndoto yake, anafanya kazi: anachukua zabibu, anazikamua katika kikombe cha Farao, anakiweka kikombe mkononi mwa mfalme. Mwokaji hafanyi lolote. Amebeba vikapu kichwani, na ndege wanakula mikate iliyo juu bila yeye kuwafukuza. Chakula cha mfalme hakimfikii mfalme. Yusufu anamwambia wa kwanza kwamba baada ya siku tatu atarudishwa kazini, na wa pili kwamba baada ya siku tatu atatundikwa. Andiko halituambii alijuaje. Yeye mwenyewe anasema tafsiri ni za Mungu. Hata hivyo tofauti ya ndoto zile imewekwa wazi kwa msomaji mwenye subira. Nami naheshimu zaidi ya yote kwamba mwokaji aliuliza baada ya kuona mwenzake amepata habari njema, na Yusufu hakumpunguzia ukweli ili kumfurahisha.

Ufundi huu wa kumtazama mwenye ndoto pamoja na ndoto yake haukuishia kwa Waebrania. Katika mapokeo ya Kiislamu, yaliyoenea pia pwani yetu, husimuliwa kisa cha Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki karne ya nane. Watu wawili walimjia, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atakwenda Hija. Mwingine akamwambia atakamatwa kwa wizi. Wanafunzi walipouliza sababu, alieleza kwamba aliona alama ya wema kwa yule wa kwanza, lakini wa pili hakumridhisha, na akarejea katika Sura Yusuf, pale mpiga mbiu anapowatangazia wasafiri kuwa ni wezi. Ishara ilikuwa ileile, maisha ya waotaji yalikuwa mawili.

Misri ya kale ilikuwa na njia nyingine. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza kuna mafunjo yaliyotoka Deir el-Medina, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,200, ambayo ni orodha ya ndoto: mtu akijiona anafanya jambo fulani, ni njema, akijiona anafanya jambo jingine, ni mbaya, na neno la ubaya limeandikwa kwa wino mwekundu. Ni kazi ya uangalifu ya waandishi waliojua wanachofanya. Lakini orodha haimwulizi mwotaji yeye ni nani. Hivyo kitabu cha Mwanzo kinaposema kwamba Farao aliwaita waganga na wenye hekima wote wa Misri na hakuna aliyeweza kumfasiria, tunaweza kuwaza wazee wale wakipekua hazina zao, na ndoto ya mfalme haimo.

Ndoto ya Farao ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote, na msomaji wa huku Karagwe ana haki maalumu juu yake. Huku watu wamelima ndizi, kahawa na maharage, na ng'ombe wenye pembe ndefu wamekuwa mali, mahari na heshima tangu kabla ya Rumanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita katika nchi hizi ikaangamiza mifugo, na njaa na maradhi vikafuata. Kwa watu kama hao, ng'ombe wanaopanda kutoka mtoni wakiwa wamekonda hawawi picha ya kupamba hadithi. Nimesikia sura hiyo ikisomwa kwa Kiswahili na kufafanuliwa kwa Kinyambo, lugha ya huku, na wazee wakitikisa vichwa kabla mhubiri hajafika kwenye maelezo.

Tulinganishe masimulizi mawili yaliyomo ndani ya sura hiyo moja, ya 41. Kwanza msimulizi anatueleza alichokiona Farao: ng'ombe saba wazuri, wanono, wanatoka mtoni na kula majani, wengine saba, wabaya na waliokonda, wanatoka nyuma yao na kuwala. Basi. Baadaye Farao mwenyewe anamsimulia Yusufu, na simulizi inarefuka. Anasema hajapata kuona ng'ombe wabaya namna ile katika nchi yote ya Misri. Anasema tena kwamba hata baada ya kuwameza wale wanono, mtu asingetambua kuwa wamekula, maana walibaki wabaya kama mwanzo. Maneno haya hayamo katika simulizi ya kwanza. Ni ya mfalme, yametoka mahali hofu yake inapokaa: si njaa tu, bali njaa inayomeza shibe bila hata kuacha alama.

Yusufu ameyasikia. Anapofika kwenye miaka saba ya njaa, anairudisha hofu ileile katika lugha ya nchi na ghala: shibe haitatambulika tena, kwa uzito wa njaa itakayoifuata. Mfasiri amepata kitovu cha ndoto pale mwenye ndoto alipoongeza neno lake. Hakumkatiza mfalme, hakumsaidia kumaliza sentensi. Alimwacha aseme yote, akachukua lile lililomwelemea zaidi. Kisha akatambua kwamba ndoto ya ng'ombe na ndoto ya masuke ni moja, na kwamba kurudiwa kwake ni dalili kuwa jambo limekwisha kuamuliwa na liko karibu.

Na hapo, ambapo mfasiri mwingine angeinama na kungoja zawadi, Yusufu anaendelea bila kuulizwa. Anatoa shauri: atafutwe mtu mwenye akili na hekima, wawekwe wasimamizi, itwaliwe sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, nafaka iwekwe mijini na kulindwa. Hajitaji jina. Farao ndiye anayemchagua, akiwa na miaka 30, miaka 13 tangu alipoota ndoto zake mwenyewe.

Kitabu cha Danieli kinaupeleka ufundi huu mahali pa hatari zaidi. Nebukadreza wa Babeli anadai asimuliwe ndoto yenyewe kabla ya tafsiri, kwa kuwa anashuku kwamba wenye hekima wake wamepatana kumdanganya. Wakishindwa, watauawa wote. Danieli anaomba muda. Anakwenda nyumbani, anawaambia rafiki zake watatu, wanaomba usiku. Akiisha kufunuliwa, anakwenda kwa Arioko, aliyepewa kazi ya kuua, na neno lake la kwanza ni kwamba wale wenye hekima wasiangamizwe. Walikuwa washindani wake, na kushindwa kwao kungempandisha yeye peke yake. Mfasiri huyu anaanza kwa kuwaokoa walioshindwa.

Sura ya nne ndiyo kilele. Mfalme ameota mti mkubwa uliofika mbinguni, wenye kivuli kwa wanyama na matunda kwa wote. Mtakatifu akashuka akaamuru ukatwe, lakini shina liachwe ardhini, limefungwa kwa chuma na shaba. Danieli anaposikia, anakaa kimya kwa muda, amefadhaika, mpaka mfalme mwenyewe anamtia moyo aseme. Anaanza kwa kutamani ndoto hiyo iwapate maadui wa mfalme. Kisha anasema wazi: mti ule ni mfalme. Atafukuzwa kutoka kwa watu, atakula majani kama ng'ombe.

Tuitazame huruma ile. Huyu ni mfalme aliyeuteka Yerusalemu, na Danieli ni mateka wake. Alikuwa na kila sababu ya kuifurahia hukumu, na wengi wetu tungemtangazia kwa sauti ya ushindi. Yeye anafadhaika kwa ajili ya mtu anayepaswa kumwambia maneno mazito. Halafu anafanya alilofanya Yusufu, anatoa shauri asiloulizwa: mfalme aache dhambi zake kwa kutenda haki, na maovu yake kwa kuwahurumia maskini, huenda raha yake ikadumu. Shina limeachwa ardhini, na Danieli hakulisahau shina. Kwake ni dalili kwamba ufalme utarudi mfalme akikubali kwamba mbingu ndizo zinazotawala. Miezi 12 inapita kabla neno halijatimia, hadi siku mfalme anapotembea juu ya jumba lake akijisifia Babeli aliyoijenga. Miezi ile ndiyo nafasi ambayo tafsiri ilimnunulia, na yeye hakuitumia.

Maandiko yenyewe hayamwachi mtu aupende ufundi huu kwa upofu. Kumbukumbu la Torati 13 inaonya kwamba hata mwotaji ambaye ishara yake inatimia asifuatwe akiwageuza watu wamwache Mungu. Kutimia hakutoshi kuwa ushahidi. Yeremia, katika sura ya 23, anawashutumu manabii wanaotangaza ndoto zao, akiuliza makapi yana uhusiano gani na ngano. Mfalme Sauli, siku zake za mwisho, anauliza na hajibiwi, wala kwa ndoto, wala kwa kura takatifu ya Urimu, wala kwa manabii, na kitabu hakifichi kwamba upo wakati ambapo mfasiri mwaminifu hana la kusema. Baadaye walimu wa Talmudi ya Babeli walisimulia habari za Bar Hedya, mfasiri aliyeendewa na wanazuoni wawili, Abaye na Rava, waliokuwa na ndoto zilezile. Abaye alilipa, akapata tafsiri njema. Rava hakulipa, akapata mbaya. Kisa hicho kiliwekwa ili tujue ufundi huu unavyooza fedha ikikaa kati ya ishara na maana.

Hata kazi ya Yusufu ina upande wake mzito. Katika Mwanzo 47, njaa inapokaza, watu wa Misri wanaleta fedha zao kwa Yusufu, kisha mifugo, kisha mashamba, kisha miili yao, wanakuwa watumwa wa Farao. Ghala lililowaokoa ndilo lililowafunga. Mwandishi analieleza jambo hili bila kulifunika, na sioni sababu ya sisi kulifunika. Tafsiri sahihi ikiachiwa mfalme peke yake inaweza kumfanya mwenye nguvu kuwa na nguvu zaidi.

Nafikiri ndiyo maana Torati, katika Kumbukumbu la Torati 17, inaweka sheria ya ajabu kwa mfalme wa Israeli. Asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Na akikalia kiti chake, ajiandikie nakala ya sheria, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Ufundi wa kusoma unatolewa kwa mateka na wafungwa na kuwekwa mikononi mwa mwenye kiti. Asingoje ndoto imtishe. Asome kila siku.

Katika Tanganyika utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na mamlaka yaliyokuwa ya Omukama yakahamia kwa wananchi na wale wanaowachagua. Karagwe ya kale leo ni wilaya mbili, tangu Kyerwa ilipojitenga mwaka 2012. Sheria ile ya kujisomea inawaangukia basi watu wengi zaidi: wanaokaa katika jumuiya ndogondogo jioni, wanaosikiliza wahubiri wanaojiita manabii, wanaosikiliza wagombea wanaosimulia ndoto zao kwa ajili ya nchi. Kila tafsiri tunayoletewa tuipime kwa vipimo vya mafundi wale. Je, huyu amesikiliza mpaka mwisho? Amemtazama mtu, au amefungua orodha? Anapata nini tukimwamini? Anaweza kumwambia mwenye nguvu kwamba mti ni yeye, na kumwambia bila chuki? Na baada ya kusema, ametuachia kazi gani: ghala la kujenga, haki ya kutenda, maskini wa kuhurumiwa? Tafsiri inayotuacha na hofu tupu, au na fahari tupu, haijamaliza kazi yake, na sisi tulioisikia tuna haki ya kumrudishia mfasiri na kumwambia aendelee.